Sadaka ya Majani

Mlionisoma wiki jana mliniacha langoni kwa Bwana Nuh nikicheka mpaka mbavu zinaniuma. Kicheko kile nakijutia mpaka leo.

Kwa anayekutana nami mara ya kwanza, nitamweleza upesi. Naitwa Kathure, mzaliwa wa Meru, muuza miche hapa Garissa. Bwana Nuh, mfanyabiashara wa ng'ombe, aliniita nifyeke bustani yake yote kwa sababu bintiye anaolewa na wageni wanakuja. Nyumba ilikuwa imekaa bila watu, na bustani imegeuka pori: mathenge ya miiba, bogenvilia zilizopanda hadi kwenye mabati, na wigo mrefu wa mti fulani wenye maua ya rangi ya waridi uliozunguka ukuta mzima. Alisema hataki kuona hata jani.

Kufyeka si tatizo. Tatizo ni kutupa. Jaani walinifukuza. Wakulima wa kando ya mto waliponiona nakuja na shehena ya mathenge walininyanyulia majembe. Silas, mwenye lori, Mkamba asiyekuwa na subira hata ya chai kuchemka, akaapa kwamba mzigo wa mwisho atanimwagia katikati ya barabara, nijijue. Nilikuwa nimeshikwa pabaya.

Ndipo akatokea Ayeeyo Timiro na bakora yake. Ayeeyo ndivyo Wasomali wanavyomwita nyanya, na huyu kila mtu anamwita hivyo. Alisimama mbele ya lori akatazama zile shada za waridi zilizofyekwa.

"Haya majani yote munatupa? Kiangazi kama hii? Nyinyi munaogopa Mungu kweli?"

Nilimjua. Ndiye anayelea mjukuu wake Kowsar, kitoto kilichofiwa na mama wakati wa kuzaliwa. Maziwa ya kopo yanakitapisha. Kinaishi kwa maziwa ya mbuzi mmoja mweupe, basi, na mbuzi huyo kwa kiangazi hiki alikuwa amebaki mbavu.

Nikampa lori zima la ule wigo. Mbuzi wa mjini, wale wanaotafuna hata katoni, walikuja wakanusa zile shada wakaenda zao. Mimi nikaona wanadeka. Kesho yake Silas akampelekea bibi mzigo hadi kwake, nami pale langoni kwa Bwana Nuh nikashika kiuno nikacheka, nikasema Mungu amenikumbuka Kathure wake.

Sasa sikilizeni kilichofuata.

Asubuhi iliyofuata nilitoa kitawi kimoja cha ule mti nilichokuwa nimekificha kwenye kikapu. Ndiyo, nilikificha! Mtu wa kitalu haoni ua zuri akaliacha lipite. Nilitaka kukichomeka kwenye udongo kiote, niuze miche. Lakini sikulijua jina lake, na wateja wangu hawanunui mti usio na jina. Nikaenda dukani kwa Deeq, kijana aliyesomea udaktari wa mifugo, anauza dawa karibu na soko la mbuzi.

"Deeq, huu mti unaitwaje?"

Alikuwa anapanga chupa rafuni. Akageuka akitabasamu, halafu lile tabasamu likamtoka usoni.

"Weka chini."

"Ala! Ni ua tu."

"Abaayo, dada yangu, weka chini. Nawa mikono, maji iko hapo nyuma. Usiguse mdomo."

Nikanawa. Niliporudi alikuwa amekisukuma kile kitawi ndani ya debe la taka kwa fimbo.

"Inaitwa oleanda," akasema. "Nairobi wanapanda kwa barabara, inapendeza. Lakini ni sumu. Mbuzi akila kidogo tu, inampiga kwa moyo, anaanguka. Umetoa wapi?"

"Kwa Bwana Nuh. Lakini mbuzi hawaili hiyo, Deeq. Juzi niliwaona kwa macho yangu. Walinusa wakaikataa."

"Juzi ilikuwa mbichi, na mbichi ni chungu sana. Ikilala, ikinyauka, uchungu unapungua, mbuzi anaona ni majani kama mengine. Sumu haiendi popote. Mulitupa wapi?"

Nilitazama lile debe la taka.

"Kathure. Mulitupa wapi?"

"Nilimpa Ayeeyo Timiro. Ya mbuzi."

"Kiasi gani?"

"Lori."

"Subhanallah!" Deeq akashika kichwa. "Kimbia. Mimi nakusanya dawa, nafunga duka, nakufuata na pikipiki. Na sikia, mbuzi aliyekula, maziwa yake mtu asiguse. Mtoto mdogo ndiyo kabisa."

Mtoto mdogo. Nilitoka mle dukani mbio.

Nilirukia tuktuk ya kwanza nikamwambia dereva aikanyage. Njiani nikampigia Silas.

"Silas, yale majani uliyamwaga wapi?"

"Kwa yule nyanya. Mbona? Leo nimepumzika, usinitafutie mzigo mwingine."

"Alikuwa peke yake?"

"Peke yake wapi! Kulikuwa na watu kama wa harusi. Wanabeba, wanakushukuru. Mama mmoja alitaja jina lako mara nyingi hivi, nikadhani unagombea kiti cha diwani."

Alicheka. Nikakata simu kabla sijamtukana mtu asiye na kosa.

Tuktuk ilipoingia kwenye bula lao, mtaa wa nyumba za mabati na uzio wa miiba, nilielewa Silas alikuwa anasema nini. Mwanamke aliyebeba mtungi alinisimamisha kwa mkono. "Mama Majani! Allah akubariki!" Mwingine akatoka mlangoni akaweka kiganja kifuani. "Kathure, mashallah, jana mbuzi yangu imelala imeshiba."

Imelala imeshiba! Nilifunika uso kwa leso. Tangu nije Garissa hakuna aliyewahi kuniombea dua barabarani, na siku niliyoombewa ndiyo siku niliyotamani ardhi inimeze.

"Wewe ni mtu mkubwa hapa," dereva wa tuktuk akaniambia.

"Endesha, baba. Endesha tu."

Uwanja wa Ayeeyo Timiro ulikuwa mtupu. Hakukuwa na shada hata moja. Chupa ya kunyonyea ya Kowsar ilikuwa imepinduliwa juu ya kijiti cha uzio, inadondosha maji. Mbuzi mweupe alikuwa amelala kivulini, na zizi lake lilikuwa safi kabisa.

Ayeeyo alitoka nyumbani akijifunga shuka, akanipokea kwa mikono miwili.

"Karibu, karibu! Binti yangu wa heri. Keti, nikupe chai."

"Ayeeyo, majani yako wapi?"

"Majani gani tena?"

"Ya jana! Ya lori!"

"Ah, hayo yameisha. Nimegawa." Alisema hivyo kama mtu anayekwambia amefagia nyumba. "Kila mlango fungu lake. Wenye mbuzi wengi, wenye mbuzi mmoja, wote. Na kila mlango nimesema, hii si yangu, hii ni sadaka ya Kathure yule wa miche, muombeeni dua."

"Na ya mbuzi wako? Ya mbuzi wa Kowsar?"

Akatazama chini kidogo, kwa haya. "Sisi mtu akipata kitu kiangazi anaanza na jirani. Yeye mwenyewe wa mwisho. Jana ilipofika zamu yangu hakukubaki kitu. Alhamdulillahi. Nimempa maganda ya ndizi."

Wasomaji wangu, nilimkumbatia yule bibi mpaka bakora ikaanguka. Nililia. Hakukubaki kitu! Hata jani! Mtoto amenusurika kwa sababu nyanya yake ana aibu ya kula kabla ya jirani. Ayeeyo alinipigapiga mgongoni, akidhani nalia kwa sababu ya zile dua.

Kisha nikakumbuka ile milango mingine, na machozi yakanikauka palepale.

"Ayeeyo, yale majani ni sumu."

Akaniachia. "Nani amesema?"

"Deeq wa dawa. Yakinyauka mbuzi anayala, na akiyala anakufa. Sikujua. Haki ya Mungu, sikujua."

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliokota bakora yake, akatazama upande wa nyumba za jirani, na midomo yake ikaanza kutembea bila sauti. Ndani ya nyumba Kowsar alikohoa kidogo akanyamaza.

Pikipiki ya Deeq ikaingia na vumbi lake. Nikamweleza huku nahema. Deeq akawaza, akasema, "Hatuwezi kwenda mlango kwa mlango, tutachelewa. Nitaenda msikitini, nitaomba kipaza sauti. Nitasema tu majani ya jana si mazuri, yaondolewe." Akanitazama kwa huruma. "Sitataja mtu."

Nakiri kwenu, nilifurahi. Mbuzi wa watu wanakula kifo na mimi nilifurahi jina langu litabaki zuri.

"Asante, Deeq. Afadhali hivyo."

"Hapana," Ayeeyo akasema.

"Ayeeyo..."

"Hapana. Mbuzi ya watu ina njaa. Hakuna mtu atatoa majani kwa mdomo ya mbuzi kwa sababu ya maneno hivi hivi. Watasema ni wivu, watasema ni majani ya mtu mwingine. Mimi nimegawa kwa jina yake. Wakisikia ni Kathure mwenyewe anasema msilishe, wataamini."

"Watanifukuza," nikasema. "Ayeeyo, mimi si mtu wa hapa. Nina kitalu tu na kibanda. Watasema mtu wa juu, wa Meru huko, amekuja kuwalishia mbuzi wao sumu. Nitakwenda wapi?"

"Watakasirika," akasema. "Ndiyo. Wewe hungekasirika?"

Deeq alikuwa ameshawasha pikipiki, ananingoja niseme neno.

"Taja," nikamwambia. "Taja jina langu."

Deeq hakukawia. Sauti yake ikatoka msikitini, juu ya mabati, kwa Kisomali, ikiharakisha. Mimi Kisomali changu ni cha kununua maziwa na kusalimia, basi nikawa nashika jina langu tu. Kathure. Maneno mengi, halafu tena Kathure. Kila likitajwa niliona kama navuliwa nguo mbele ya umati. Nilitamani kukimbia na sikuwa na pa kukimbilia, kwa hiyo nikasimama pale pale kando ya bibi kizee niliyemponza.

Wakaanza kuja.

Walikuja na mafungu yao. Wengine wameyabeba kwenye shuka, wengine wanayaburuta kwa kamba. Mwanamke mmoja alikuja anavuta fungu lake na mbuzi wake anamfuata nyuma, analia, ananyoosha shingo alipate, na yule mama anampiga teke huku machozi yanamtoka. Waliyatupa uwanjani wakasimama. Hakuna aliyenitukana. Wale wale walioniombea dua asubuhi walinitazama tu, na mimi nilitamani hata mmoja anizabe kofi yaishe.

Rundo likapanda. Yale maua ya waridi yalikuwa yamesinyaa, majani yamejikunja. Mzigo ulioshindikana mji mzima ulikuwa umerudi kunisimamia mbele ya uso, na safari hii sikuwa na wa kumpa.

"Samahani," nikawa nasema kwa kila anayetupa. "Samahani, mama. Samahani, mzee. Sikujua."

Mzee Alio, jirani wa nyumba ya tatu, akafika akikimbia na kilemba mkononi. "Daktari! Daktari yuko wapi? Mbuzi mbili ya ndugu yangu imeanguka!"

Deeq, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka msikitini, akageuza pikipiki, wakatokomea upande wa soko. Mbuzi wawili. Wangapi watafuata? Lakini rundo lilikuwa kubwa. Watu walikuwa wameyarudisha mengi, na mengine yalikuwa hayajaguswa kabisa. Nikaanza kujipa moyo. Nikamtazama Ayeeyo.

"Umeona?" akaninong'oneza. "Wamesikia jina."

"Na Kowsar yuko salama," nikasema. "Hilo ndilo kubwa."

"Kowsar yuko salama, inshallah."

Hapo ndipo Rukiyo akaingia. Rukiyo anapakana na Ayeeyo, uzio kwa uzio, mwanamke mjane mwenye mbuzi wawili tu. Mikono yake ilikuwa mitupu. Alisimama mbali na rundo, anakunja pembe ya baibui na kuikunjua.

"Mimi sina ya kurudisha," akasema.

Nikajua. "Mbuzi wako wameyala yote? Pole, dada. Deeq atakuja na kwako, ngoja..."

"Hapana. Mbuzi yangu haikula. Hata moja."

"Sasa uliyapeleka wapi?"

Hakunijibu mimi. Alimtazama Ayeeyo.

"Nilileta hapa. Alfajiri, wewe bado uko kwa mswala na tasbihi yako. Wewe umegawia watu wote na hukubaki na kitu. Huyu mtoto hana mama, anakunywa kwa nani? Nikasema mbuzi yangu itavumilia. Nikaweka kwa zizi."

"Rukiyo," Ayeeyo akasema. "Zizi lilikuwa tupu. Mimi mwenyewe nimeamka, nimeliona. Tupu."

"Nilingoja amalize, nikazoa vijiti. Nilijua ukiona utakataa, utanirudishia."

Kisha mwanamke yule wa mtungi, aliyenisimamisha njiani, akafunika mdomo kwa mkono.

"Hata mimi nimeleta," akasema. "Fungu nusu. Nilimkuta Rukiyo hapa, tukaweka pamoja."

Nyuma yake mwingine akainua mkono taratibu.

Wameamka gizani, Yarabi, wakapunguza cha mbuzi wao wenye njaa, wakaja kwa kunyata wampe mbuzi wa yatima. Sadaka yangu ilizunguka bula zima, na kila mkono ulioipokea uliisukuma kwenye zizi hili hili. Hakuna mbuzi Garissa yote aliyelishwa oleanda nyingi kuliko huyu mweupe niliyemkuta amelala kivulini, nikapita, nikashukuru Mungu.

Nikageuka kumtazama. Alikuwa bado amelala. Kichwa alikuwa amekilaza mchangani sasa, na miguu ya nyuma ilikuwa inatikisika.

"Ayeeyo," nikasema. "Leo umemkamua?"

"Leo maziwa yalitoka vizuri," Ayeeyo akajibu, polepole, kama mtu anayesoma maneno yaliyoandikwa mbali. "Kuliko jana, na Kowsar amemaliza chupa. Nikasema Mungu ametubariki."

Nikatazama uzio. Ile chupa ya kunyonyea, niliyoikuta inadondosha maji nilipofika, ilikuwa imeshakauka.

"Deeq!" nikapiga kelele. "Mwiteni Deeq! Mkimbilieni!" Watu wakatimka. Nikapiga simu yake, ikawa inalia tu. Kisha nikaita jina la Kowsar kuelekea ndani ya nyumba, kwa nguvu, kama vile mtoto wa umri ule angeitika. Kimya.

Bakora ilianguka. Ayeeyo alikuwa ameanza kutembea, bila bakora, akipapasa hewa. Alifika kwenye mlango wake akashika mhimili, akasimama. Alitaka kuingia na mwili ukamkatalia.

Nikainama, nikapita chini ya mkono wake, nikaingia ndani.